Zachariah wa Nepal

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika Moiben salama. Kanisa zima linaamini tuko angani.

Niandike upesi kabla mke wangu, Wacera, hajarudi kutoka kisimani. Jana walituombea kanisani kwetu Langas mpaka magoti yakauma. Kina mama wakatupa sweta tatu walizofuma wenyewe, rangi ya machungwa: yangu, ya Wacera, na ya binti yetu Waiyego, ana miaka tisa. Pasta Mulongo akalia. Familia ya kwanza ya kanisa letu kwenda Nepal! Miezi mitatu ya kujitolea, kuezeka upya shule ya watoto huko milimani. Leo asubuhi wakatusindikiza kwa nyimbo hadi steji ya basi la Nairobi. Tukapunga mikono. Tukashuka Burnt Forest, njiani tu.

Sababu ni ndogo tu. Pasipoti. Tangu Machi niliiambia kamati ya kanisa ziko tayari. Hazikuwa tayari. Hata maombi sikuwa nimepeleka. Lakini ningefanyaje? Nicanor, karani wa kanisa, alikuwa na yake mfukoni, na alishaanza kuuliza kama nina uhakika na afya ya mgongo wangu. Nicanor aende Nepal badala yangu? Afadhali asiende mtu.

Kwa hivyo, Moiben. Binamu yangu Johnstone anafanya kazi Nakuru, nyumba yake ya shambani iko tupu, na mahindi yameizunguka pande zote, yamenipita kichwa. Nani atatuona? Nitatuma ripoti kwenye grupu la kanisa mara mbili kwa wiki, kisha Novemba turudi tumekonda kidogo. Mpango safi!

Wacera aliambiwa habari ya pasipoti tukiwa Burnt Forest. Hajanisemesha tangu hapo.

Jumatano, 6 Agosti

Ripoti ya kwanza imekwenda. Picha ya ukungu wa asubuhi, mahindi nimeyakata yasionekane. Nikaandika: tumefika, theluji inaanguka, watoto wanatuita malaika. Amina zikamiminika. Nicanor peke yake akauliza kama Nepal huanguka theluji mwezi wa nane. Nikamjibu kwamba apangaye majira ni Mungu. Kwisha yeye!

Amebaki Mchungaji Suresh, mwenyeji wetu, anayetungoja huko. Nitamwandikia kwamba tumeahirisha. Kesho. Au keshokutwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sielewi.

Pasta ameweka kwenye grupu barua kutoka kwa Mchungaji Suresh, ameitafsiri mwenyewe. Inasema familia ilifika Jumatano alasiri, imelowa mvua. Inasema Ndugu Zachariah alikataa kupumzika, akapanda ngazi siku hiyo hiyo. Dada Wacera anapika na kina mama. Waiyego anafundisha watoto nyimbo.

Nimesoma mara nne. Mwanzo nilifurahi. Kumbe Suresh naye ni mwongo mwenzangu! Amenifunika! Kisha nikakumbuka Suresh hayuko kwenye grupu letu na hajui neno la Kiswahili. Hakuna aliyemwambia adanganye.

Halafu picha ikaja. Watu watatu kwa nyuma, wanapanda njia ya mawe ndani ya mvua. Sweta za machungwa. Mwanamume ana kipara kidogo kisogoni, upande wa kushoto. Wacera akaitazama simu, akanitazama kisogo. Nikavaa kofia.

Sweta zetu ziko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Nimefungua. Ziko zote tatu. Sanduku ni kavu. Sweta zimelowa chapa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepiga simu Nepal. Saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama nyuma ya boma la ng'ombe ambako mtandao unashika. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mkali.

Suresh akapokea anacheka. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Ndugu Zachariah, mbona unanipigia simu na uko hapo juu ya ngazi?"

Nikamwambia siko juu ya ngazi yoyote. Akacheka zaidi. Nyuma yake nilisikia nyundo. Ko, ko, ko. Kisha mtu akaanza kuimba wimbo wa Kikuyu wa jumuiya yetu, polepole, akapotea sauti palepale ambapo mimi hupotea, akakohoa, akarudia.

Suresh akaita, "Zachariah!"

Mtu akaitika. Sauti yangu.

Nilikata simu. Nikakaa juu ya ndoo mpaka Wacera akaja kuuliza kama nimeumwa. Nikamwambia ni jua. Jua halikuwako.

Jambo lililoniuma zaidi niliandike hapa ambapo hakuna atakayelisoma. Yule mtu anapiga msumari vizuri. Nilimsikiliza. Hakukosea hata mmoja.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimechukua hatua! Nimemwandikia Suresh rasmi: huyo mtu ni tapeli, amejifanya mimi, tafadhali mkague pasipoti. Nikajisikia mwepesi. Nikanywa chai mbili.

Jibu limekuja saa nane. Suresh anasema ananipenda kwa utani wangu. Amekagua. Pasipoti tatu, mihuri yote iko, viza ya miezi mitatu. Hakuna tatizo lolote.

Hata pasipoti anayo!

Kwenye grupu sasa ni Zachariah, Zachariah. Zachariah amebeba mabati mgongoni kutoka barabarani. Zachariah huosha vyombo akishakula. Hili la vyombo Wacera alilisoma kwa sauti, akaweka simu chini, akaendelea kukoroga ugali. Nikasema hayo ni maneno ya watu tu. Akaniuliza, bila kugeuka, kama nafikiri yule mwanamke wa kule anajua bahati yake.

Nikauliza mwanamke gani.

"Yule mke wake, Baba Waiyego. Mume wake akisema anaenda, anaenda."

Nimeosha sahani moja. Hakuona.

Jumatano, 13 Agosti

Leo Waiyego alicheza kwenye mahindi asubuhi yote. Saa sita akatoka nywele zimesukwa. Mistari myembamba inayoenda nyuma, uzi mwekundu mwishoni, kama wale watoto wa shule kwenye picha za Suresh. Alipotoka kunywa uji nywele zilikuwa timutimu. Mimi mwenyewe niliziona.

Wacera akauliza ni nani amemsuka. Mtoto akasema, "Mama."

Wacera alikuwa kisimani tangu saa tatu.

Nikajua ni jirani, Kogo Jebet, bibi anayetuletea maziwa. Nikaenda kumgombeza, kwamba hatusuki watoto wa watu bila ruhusa. Alikuwa amekaa mlangoni pake anachambua maharagwe. Alininyooshea mikono tu. Vidole vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Akasema hajasuka nywele za mtu kwa miaka kumi. Kisha akaniuliza yule mwingine ni nani.

Mwingine yupi?

Yule mama mwenye sweta ya machungwa, akasema. Hupita kwenye mahindi asubuhi, na hayo mahindi hayatikisiki. Yeye alimdhani ni Wacera. Alipomsalimia, yule mama aliinamisha kichwa kwa adabu sana.

Nimerudi nyumbani mbio. Mgongo unauma. Nimemwambia Wacera kwamba Kogo amekubali kosa.

Alhamisi, 14 Agosti

Lazima niandike.

Saa tano asubuhi nilikuwa natunga ripoti ya nne, ya yaki, ng'ombe wa milimani, aliyeokoka baada ya kuanguka korongoni. Nikasikia Wacera anaita Waiyego. Anaita tena. Kwa sauti ile ambayo mtu akiisikia haulizi kitu, anasimama.

Tulimkuta ukingoni mwa mahindi na begi lake la shule mgongoni. Ndani: biblia yake, mswaki, gauni la Krismasi, sweta. Sweta ilikuwa bado mbichi. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alisema kule shule kuna sherehe ya kumaliza upande wa kwanza wa paa na Mama amekuja kumchukua. Amemngoja kwanza atuage sisi. Alisema ni vibaya kuondoka bila kuaga.

Wacera akamuuliza huyo Mama yuko wapi.

Waiyego akaonyesha kidole. Mstari wa tatu wa mahindi. Hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa unavuma na shamba lote lilikuwa linainama, lote, isipokuwa sehemu moja, upana wa mtu mmoja aliyesimama.

Sijawahi kumwona mke wangu vile. Alimnyanyua mtoto kama gunia, mtoto wa miaka tisa, na mimi nikabaki nimesimama natazama pale pasipotikisika. Nilitaka kusema neno. Nilitaka kumwambia huyo mama aende zake, huyu ni wetu. Lakini nitasemaje ni wetu, na mimi ndiye niliyeandika kwamba yuko kule?

Basi nikasema tu, "Samahani."

Mahindi ya pale yakatikisika. Mara moja, kama kichwa kikiitikia.

Ndani ya nyumba Wacera alikuwa anafunga mizigo. Hakupiga kelele. Alisema Jumapili atakwenda mbele ya kanisa aseme kila kitu. Nikishirikiana, vizuri. Nisiposhirikiana, pia vizuri. Nikapendekeza tuseme tulirudi mapema kwa sababu ya malaria. Aliniangalia kwa muda mrefu. Nikafuta pendekezo.

Amemfunga Waiyego leso kiunoni, ncha nyingine kiunoni mwake. Wanapika hivyo. Wanaenda chooni hivyo.

Jumapili, 17 Agosti

Imekwisha.

Tuliingia Langas katikati ya ibada. Mimi nilivaa miwani ya jua na nikakaa nyuma ya nguzo, nipime hali kwanza. Wacera hakupima. Alipita katikati na mtoto mkononi, viatu vyake vikilia ko, ko kwenye sementi, na vichwa vikageuka mstari baada ya mstari.

Ubaya ni kwamba leo walikuwa wameandaa simu ya video. Kitambaa cheupe ukutani, na juu yake Suresh, mkubwa kama mlango, anatabasamu, anasema familia iko mezani hapo nyuma yake, ngoja aigeuze kamera.

Wacera akachukua kipaza sauti. Akasema: "Hatukwenda. Tulikuwa Moiben. Tuliwadanganya, na Mungu anisamehe, nilikaa kimya."

Suresh aligeuza kamera wakati uleule.

Meza. Sahani tatu za wali, mvuke bado unapanda. Vijiko vitatu. Kiti kimoja kilikuwa kinayumba taratibu, kama mtu amekiacha sasa hivi, kisha kikatulia. Suresh akaita jina langu. Akaita tena. Tulimsikia akitoka nje, akiita kwenye mvua, na watoto wakaanza kuita naye, watoto wengi. Wanatuita! Mimi nilikuwa hapo hapo nyuma ya nguzo, nikajibanza zaidi.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa Nicanor. Nikajiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka. Alimwendea Waiyego, akapiga magoti, akamshika mashavu akilia, akisema kwamba juzi usiku aliota mtoto huyu amepotea na akaamka akimwombea. Kisha akamuuliza Pasta paa limebaki kiasi gani. Nusu, akaambiwa. Nicanor akasema pasipoti anayo, na mgongo wake hauna neno.

Ataondoka wiki ijayo. Kanisa likaimba. Hata mimi niliimba, nikapotea sauti palepale.

Nililazimika kuvua miwani na kwenda mbele. Nilisema nimekosa. Nilisema kweli, na machozi yalikuwa ya kweli, nayaandika hapa kama ushahidi. Waiyego alikuja akanishika mkono. Akaninong'oneza kwamba yule Baba mwingine alikuwa mzuri, lakini hakujua hadithi yoyote ya kuchekesha.

Hiyo pia nimeiandika.

Jumanne, 19 Agosti

Pasta Mulongo ni mtu wa huruma. Hakunifukuza. Amesema kujitolea si lazima mtu apande ndege, nianzie nyumbani. Shule ya Jumapili inahitaji choo kipya. Nichimbe shimo, futi kumi na tano, peke yangu, na kila jioni nimtumie ripoti. Wacera amesema amina kabla yangu. Waiyego anaendelea vizuri. Jana alifumuliwa zile nywele, na uzi mwekundu Wacera akauchoma jikoni.

Nimefika uwanjani saa mbili asubuhi. Udongo wa Langas ni mgumu, tena juu ukiwa mwekundu chini kuna mwamba. Nimepiga jembe mara sita. Mgongo ukaniambia ukweli wake.

Nikakaa chini ya ukuta nikafikiri. Nimeomba msamaha, hilo limepita. Nimejifunza, hilo nalo limepita. Sasa tuzungumze kama watu wazima. Kosa langu kule Moiben lilikuwa wapi hasa? Kosa lilikuwa kuiingiza familia. Ningeandika jina langu peke yake, nani angeumia? Na yule Zachariah mwingine, tuseme haki, anapenda kazi. Kumkosesha kazi mtu wa namna hiyo ni ukatili.

Kwa hivyo saa nne nimemwandikia Pasta: Zachariah yuko shimoni, peke yake, ana nguvu, udongo unatoka vizuri. Nimesisitiza neno peke yake. Kisha nimelaza jembe mahali pa wazi, makali yakitazama chini yasimuumize. Nimeacha na chapati mbili ndani ya mfuko, na chupa ya chai. Anayefanya kazi lazima ale.

Niko nyumbani sasa, miguu juu ya stuli. Kesho asubuhi nitapita nione amefika futi ngapi.