Seva Wenu Amemkataa Mwanangu

Mastura Bashiru,
Nansio, Ukerewe.
Jumatano.

Kwa Msajili wa Chuo cha Uuguzi,
Mwanza.

YAH: KUMSHTAKI SEVA WENU

Ndugu Msajili,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kichwa changu mwenyewe kinaniuma kwa ajili yake.

Mimi ni mama yake Yasmin Lukman, anayeomba kusomea uuguzi hapo kwenu. Mmesema kilichobaki ni cheti chake tu, kipigwe picha, picha itumwe, na huko kwenu seva itaigeuza kuwa PDF, yaani karatasi ya ndani ya kompyuta. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Tumetuma, tumerudia, mpaka mtoto chakula anakigusa tu na kukiacha. Na kila nikipiga simu ofisini najibiwa, "Mama, seva imekataa."

Shule niliiachia darasa la nne, lakini nimeuliza, nikaambiwa seva ni mashine. Ndugu yangu, mashine ya kusaga hapa sokoni huharibika, haikatai. Anayekataa ni mtu. Kwa hiyo humu nitamwita Bwana Seva, kwa cheo mlichompa wenyewe. Makosa yake ni haya:

1. Anapindua. Nimempelekea cheti kimesimama wima, amekirudisha miguu juu kama popo. Mtoto kapata B ya Biolojia, ninyi mnaisoma kichwa chini halafu mnasema haieleweki. Ingeeleweka vipi?

2. Anafifisha. Jina la mwanangu linatoka kama limeandikwa kwa maziwa. Halafu Bwana Seva huyo huyo, aliyelifuta, analeta ujumbe: "Waraka hausomeki." Hana hata haya! Wala msisingizie simu yangu. Naitunza kuliko wenye simu za fahari. Inaning'inia shingoni mwangu mchana kutwa, nimeifunga vizuri, haijaguswa na tone la ziwa wala gamba la samaki. Na picha ya cheti nilipiga mwenyewe, maana Yasmin ana mkono wa haraka.

3. Hajui anachotaka. Kwanza "faili ni kubwa mno." Yasmin akapunguza. "Faili ni dogo mno." Mimi nauza dagaa tangu usichana wangu. Mteja anayesema kisado kimejaa mno, ukipunguza anasema kimepungua, huyo hanunui. Amefuata kivuli.

4. Analala kazini. Binti wenu wa kwenye simu ana adabu, shikamoo yake haikosekani, ila aliniambia saa nne asubuhi kwamba seva imelala. Saa nne! Mimi saa hiyo dagaa nimeshawageuza juani. Nikapiga tena mchana, naambiwa seva imezidiwa. Imezidiwa na nini, na ilikuwa imelala?

5. Tiba yake inatia shaka. Nikaambiwa nisijali, fundi ameizima na kuiwasha. Nikashika kifua. Hicho ni chuo cha uuguzi, jamani. Mgonjwa akizidiwa wodini, nesi wenu naye atamzima na kumwasha?

6. Anajihukumu mwenyewe. Nilipouliza nipeleke wapi malalamiko, nikaambiwa niyaandike, niyapige picha, niyatume kwa Bwana Seva ayageuze PDF. Yaani aliyeiba kuku ndiye anayepokea mashtaka ya kuku, na akiona hayampendezi anasema hayasomeki.

Kwa makosa hayo naomba mambo machache tu, wala si makubwa.

Kwanza, Bwana Seva alete cheti chake cha kidato cha nne. Akipige picha yeye, nimgeuzie mimi, na nikikipindua asinune.

Pili, aitwe kwenye kikao cha wazazi, aje na mzazi wake. Mtoto anayelala mpaka saa nne ana mtu aliyemdekeza. Ningependa kumwona huyo mama, tuongee taratibu.

Tatu, Ijumaa mlango ukifungwa Yasmin akiwa nje, basi nafasi yake apewe Bwana Seva. Si ndiye mnayemsikiliza? Avae sare nyeupe, aingie zamu ya wodi ya wazazi, na mama mwenye uchungu akilia amwambie, "Wewe ni mkubwa mno, jipunguze ujaribu tena." Mimi nitakuja na uji, nikae kwenye benchi, nimwangalie anavyookoa watu.

Binti wa simu mpeni salamu zangu, na fundi, na mlinzi wa getini ambaye hajanikosea kitu. Bwana Seva msalimieni akiamka.

Ni mimi ninayengoja,
Mastura Bashiru (Mama Yasmin),
mwanika dagaa.

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeimaliza. Nikaipeleka kwa Yeremia mwenye steshenari anipigie picha, maana picha zangu Bwana Seva hazitaki. Akasema, "Mama Yasmin, simu hii inanuka dagaa, siishiki hivi," akaivua kile kinailoni cha karanga ninachoifungia isilowe. Huku mwaloni, wanakoshushwa dagaa, wote tunafunga hivyo na kubonyeza juu kwa juu. Kioo kikiwa na ukungu tunajua ni nailoni. Kwamba na jicho la kamera nalo limo humo humo, hakuna aliyewaza. Na kwa kuwa shingoni inaning'inia kichwa chini, mimi huwa nanyanyua tu na kupiga.

Tumepiga cheti upya. Bwana Seva amekipokea kabla Yeremia hajamaliza kucheka. Namba moja na mbili nazifuta. Namba tatu siifuti.

Ujumbe umeshaingia: Yasmin aripoti Jumatatu. Jumatatu hii! Mtoto anarukaruka hapa mlangoni, na mimi naitazama meli ya Mwanza inavyoondoka. Hajawahi kulala nyumba nisiyoijua. Hata shuka la pili sijamtafutia.

Kwa hiyo, Ndugu Msajili, ombi langu la kweli ni hili: Bwana Seva hawezi kukataa tena kidogo, japo wiki moja? Semeni amelala. Safari hii sitapiga simu.