Mkaguzi wa Tarehe za Vyakula

Jumatatu, 3 Machi
Ugunduzi! Shemeji, mtunza stoo wa duka kubwa, amenieleza tukinywa chai kwamba "bora kabla ya" ikipita haimaanishi chakula kimeharibika. Ladha tu ndiyo hupungua. Tambi, biskuti, maharage ya kopo: vikitunzwa vizuri, unakula tu. Alitaka kuendelea. Nikaomba udhuru. Akili ilishachemka.

Jumanne, 4 Machi
Shati jeupe, daftari mkononi. Nimembishia hodi jirani yetu, Mama Pacha, nikajitambulisha kama mkaguzi wa vyakula wa kujitolea. Kuona tambi zenye "bora kabla ya" ya mwezi jana, nikashika kichwa. Maskini, alinishukuru nusura alie! Akanipa mfuko mzima nikautupe mbali. Nimeutupa chini ya kitanda changu. Dada, anayenilisha tangu nilipoacha kazi (sawa, niliachishwa), aliuliza mbona nakula kidogo. Nikasema nabana matumizi. Akanigusa paji la uso.

Jumatano, 5 Machi
Nyumba nne! Fundi cherehani kanipa hadi mtindi. Umeandikwa "mwisho wa kutumia", juzi. Si yale yale? Wanabadilisha maneno kunogesha tu. Nimeufakamia wote.

Alhamisi, 6 Machi
Choo.

Ijumaa, 7 Machi
Choo, kisha aibu. Dada alitafuta beseni chini ya kitanda, akakuta ghala. Shemeji akamalizia somo: "mwisho wa kutumia" ni usalama, siku ikipita usiguse hata kama kinanukia vizuri. Nikamlaumu kwa kutosema mapema. Akanitazama weee! Dada kaniburuta mlango kwa mlango, nirudishe kila kopo na kuomba radhi. Mbaya zaidi, kawafundisha majirani wote kusoma tarehe. Mama Pacha anapika tambi zake kwa maringo, dirisha wazi. Fundi ananiita Bwana Mtindi. Dada kaapa: nikirudia, mabegi yangu nje.

Jumapili, 9 Machi
Nimepona. Somo limeniingia barabara. Dada kanunua soseji, bado zina wiki nzima. Nimefuta tarehe kwa dawa yake ya kutolea rangi ya kucha, nikaandika ya juzi, nikawaonya wote wasiziguse. Nikasema nitazitupa mwenyewe. Dada alifurahi mno! Akasema hatimaye nimekua. Akazichukua, akazitupa kwenye pipa la nje kwa mkono wake.

Gari la taka linapita kesho saa mbili asubuhi. Nimetega kengele ya saa kumi na mbili.