Joto la Serikali Ndani ya Kabureta

Umma unatangaziwa kwamba tangu Jumatatu hakuna kabureta yoyote ya serikali katika jiji hili inayoruhusiwa kupoa bila kibali.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Idara ya Pikipiki za Serikali, na mhuri ulio chini yake niliupiga mwenyewe. Najua mitaani yanasemwa mengi. Watu wa mitaani wana midomo lakini hawana mafaili, kwa hiyo ni wajibu wangu kueleza mambo yalivyokwenda.

Kwa wasiojua, pikipiki za idara yetu hupozwa kwa maji. Maji hayo yakishachemshwa na injini, sehemu yake hupitishwa kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kabureta, yaipashe joto isije ikashika barafu. Waliozitengeneza waliishi kwenye theluji. Sisi tunaishi mahali ambapo mshumaa hujikunja wenyewe kabatini saa sita mchana. Lakini orodha ya mali inasema wazi: "Kabureta, moja. Joto lake, moja." Kilichomo kwenye orodha sharti kiwepo, la sivyo kimeibwa.

Kila mwaka nakagua joto hilo kwenye pikipiki zote, ila ya Mkurugenzi, kwa heshima ya cheo. Kipimo hatujaletewa, kwa hiyo natumia kidole. Pikipiki huwashwa dakika kumi, nami nagusa mahali mpira unapoingia kwenye kabureta. Kwa kawaida naungua, na nafurahi kwa niaba ya serikali. Mwaka huu nilipogusa pikipiki ya tarishi wetu, sikuungua.

"Joto liko wapi?" nikamuuliza tarishi.

"Bi Spana aliliruka, mzee. Mpira ulipasuka, maji yakawa yanaishia njiani, injini inachemka. Akautoa, akaunganisha kwa kipande cha bomba, maji yanapita moja kwa moja bila kugusa kabureta. Tangu siku hiyo haijanisumbua hata kidogo."

"Inatembea bila joto?"

"Joto la nini tena, mzee, na jua hili?"

Niliandika: shahidi amekiri kutembea.

Bi Spana ni fundi mwenye karakana mkabala na ofisi yetu, mama mwenye mikono ya kazi na ulimi wa kazi vilevile. Karakana aliachiwa na baba yake, na hana pengine pa kushika. Mkurugenzi wetu aliposoma taarifa yangu aliinuka kitini, jambo ambalo hulifanya mara mbili kwa mwaka. Alisema karakana ifungwe. Lakini sisi si watu wa kukurupuka. Kwanza iliundwa Kamati, yeye Mwenyekiti, mimi Katibu, na mtaalamu wa hali ya hewa kwa ajili ya sayansi.

Kikao kilifanyika ukumbini, chini ya feni inayosubiri matengenezo. Mtaalamu alieleza kwa muda mrefu jinsi unyevu unavyoganda ndani ya kabureta na kuzima injini.

"Samahani, mwanangu," Bi Spana akasema. "Hiyo barafu umeshawahi kuiona hapa mjini?"

Mtaalamu alifikiri. "Kwenye soda."

"Pikipiki haikutiwa soda," akasema Bi Spana. "Waheshimiwa, mimi sikuiba kitu. Kwenye baridi kali ningeuacha huo mpira, tena ningeufunga mpya. Ila hapa kwetu unavuja tu. Mkinifungia kwa hilo, niambieni niende wapi na hizi spana? Nimezaliwa zikigongwa. Sijui kazi nyingine."

Sauti yake ilitetemeka mwishoni, na nakiri nilihisi kitu kifuani. Nilikunywa maji, kikapita.

Hapo Mkurugenzi akatoa ushahidi wake, ambao niliuandika neno kwa neno. "Mimi naendesha pikipiki ya idara mwaka wa sita," alisema. "Vilima viwili kwenda, vilima viwili kurudi. Haijavuja hata tone. Haijachemka. Haijanilaza njiani hata siku moja! Kwa nini? Kwa sababu kabureta yangu ina joto kamili la serikali!"

Tulipiga makofi. Bi Spana peke yake hakupiga. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Kisha Mkurugenzi akasoma Waraka alioutunga mwenyewe, akichekacheka. Karakana itafungwa kwa mkono wa Mwenyekiti, ndani ya saa za kazi, baada ya vielelezo kuletwa na kukaguliwa. Pikipiki yoyote itakayokutwa joto lake limerukwa haitawashwa. Itasukumwa na mwenye kuitumia, kila siku ya kazi, kutoka nyumbani kwake mpaka ofisini na kurudi, wala hapandi chombo kingine, wala fundi hagusi nati yake, mpaka Kamati ikae tena na kuamua vingine. Kamati haitakaa bila Mwenyekiti wala bila vielelezo. Tarishi, ambaye hulala chumba cha nyuma ya ofisi, alishusha pumzi.

Nilipiga mhuri papo hapo. Nakala tatu zikaenda wizarani kabla wino haujakauka. Mimi ni mwepesi sana katika mambo hayo.

"Sasa," akasema Mkurugenzi, "ili fundi huyu ajifunze, iletwe pikipiki yangu. Tumwonyeshe kabureta yenye adabu."

Bi Spana aliinua uso. "Mheshimiwa, hiyo yako tuiache."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Mteja ni mteja. Yake sitangazi."

"Unaogopa ukweli!"

"Siogopi, baba. Nakuonea huruma."

Pikipiki ikaletwa uani, ikawashwa dakika kumi, Kamati nzima ikiizunguka. Niliosha kidole, nikakitanguliza mahali pake. Sikuungua. Nikabadilisha kidole. Sikuungua tena. Tarishi akainama, akachungulia, akasema kwa sauti ambayo hakuombwa: "Mbona kuna kipande cha bomba kama changu?"

Mkurugenzi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Nani amefanya hujuma hii?"

"Wewe mwenyewe uliagiza," Bi Spana akasema taratibu. "Karibu miaka sita iliyopita. Ulikuja suruali imelowa maji ya mpira huo, una mkutano na waziri. Ulisema, 'Dada, ondoa huu upuuzi, wala usinikumbushe tena.' Nikauondoa. Na sikukukumbusha."

Mtaalamu alianza kukagua mawingu, ingawa hayakuwepo. Mkurugenzi akanivuta pembeni.

"Katibu, ule Waraka tuufute."

"Unafutwa na Kamati, Mheshimiwa."

"Basi Kamati ikae."

"Vielelezo havijakabidhiwa, na hii imeletwa ikiwa imewashwa, haihesabiki. Inabidi pikipiki isukumwe kutoka nyumbani kwako mpaka hapa, ndani ya saa za kazi. Wizarani wameshapokea nakala, na wamejibu kwamba wamefurahishwa."

Sikusema hayo kwa ubaya. Nampenda Mkurugenzi. Lakini mhuri ni mhuri.

Leo ni siku ya kumi na moja. Mkurugenzi huondoka kwake alfajiri, lakini kilima cha pili humchelewesha, na hufika getini dakika chache baada ya ofisi kufungwa. Hugeuza, akarudi. Amepungua kiuno, na daktari wake anatusifu. Karakana ya Bi Spana haijafungwa, kwa kuwa mkono wa kuifunga haujafika ndani ya saa za kazi. Mlangoni amebandika ukurasa wa kumbukumbu zetu, wenye mhuri wangu, unaosema haijavuja, haijachemka, haijanilaza njiani. Foleni ya pikipiki inafika kwenye kona. Juzi nilimwona mtaalamu wa hali ya hewa humo, kajifunika kofia.

Jana jioni Mkurugenzi alisimama pale mbele ya karakana, ameegemea usukani, shati limemganda mgongoni. Bi Spana alimletea kigoda na kikombe cha maji.

"Dada," akasema Mkurugenzi alipopata pumzi, "kuurudisha ule mpira kunachukua muda gani?"

"Nusu saa, pamoja na kusafisha."

"Basi urudishe."

"Ningependa, baba. Ila nimekatazwa kugusa nati yako mpaka Kamati ikae." Akanigeukia mimi, niliyekuwa nafunga mlango wa ofisi. "Katibu, mnakaa lini?"

"Mwenyekiti akifika," nikasema.

Mkurugenzi alirudisha kikombe, akashukuru, akashika usukani, akaanza kusukuma kurudi kwake.