Ng'ombe wa Doti na Telefone Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti
Papa Nizeyimana hanitaki kuwa mukwe wake! Amesema kijana asiyejua kusifu ng'ombe hawezi kumutunza bibi. Emérita, binti yake, amelia. Mimi nimefikiri. Jumamosi kuko doti ya Claudette, dada ya Emérita: watakuja kutoa mahari. Ng'ombe ataletwa uwanjani na kusifiwa mbele ya watu wote. Nitamusifu mimi! Nikipendeza, Emérita njo wangu.
Sifa sijui. Lakini telefone yangu iko na ile akili bandia. Inaandika kila kitu.

Jumanne, tarehe 5
Musifu wa ng'ombe wa hapa Mushaki ni Papa Mbonigaba. Sauti kubwa, majivuno kuipita. Nimemudanganya kwamba Jumamosi anangojwa Ngungu, kwenye doti yenye bia nyingi. Amenishukuru sana. Masikini!

Jumatano, tarehe 6
Nimepanda kilima kutafuta rezo ya telefone. Nikaandika: sifu ng'ombe kwa maneno matamu. Imejibu mbele nimalize kujikuna! Nimesoma mwanzo tu, batiri ilikuwa inakufa. Haizuru. Mwanzo ni muzuri, mwisho hauwezi kuharibika.

Jumamosi, tarehe 9
Aibu! Aibu!
Mbonigaba hayupo, nikajitolea. Nikasifu pembe, watu wakaitika. Nikasifu macho, wamama wakapiga vigelegele. Papa Nizeyimana akatabasamu, ata meno nikayaona. Basi nikapaza sauti na kusoma mwisho kwenye telefone: "Paja lako laini, mbavu zako zenye mafuta, makaa yanakungoja, kila kinywa kinatoka mate!"
Wamama wakashika vichwa!
Ng'ombe wa doti ni wa kukamuliwa na kuzaa. Kumutaja nyama ni kuwatakia maarusi mabaya. Mama ya Claudette alimufunika ng'ombe masikio na kitenge! Papa Nizeyimana akaniuliza kama nimekuja kutafuta bibi ao brosheti za nyama. Walicheka mpaka bwana arusi akakaa chini.
Halafu nani anatokea? Mbonigaba, matope mpaka magotini. Barabara ya Ngungu imekatika. Alisifu ng'ombe mpaka watu wakalia, kisha akaniomba nimushikilie kofia. Nilishika.

Jumapili, tarehe 10
Kisha misa, Emérita alinivuta pembeni. Baba yake amekataa kabisa, lakini yeye angali ananitaka. Ameomba kitu kimoja tu: jioni nije mbele ya muzee, mikono mitupu, niseme kwa kinywa changu namna ninamupenda. Ata maneno mawili. Nilisikia uchungu kweli, nikaapa kwamba telefone itabaki nyumbani.
Itabaki! Mimi ni muntu wa neno langu.
Nimepanda kilima mbio, nikaiuliza: mimi Jean de Dieu, ninamupenda Emérita namna gani? Imesema ninamupenda kama bahari. Bahari sijaiona ata siku moja. Kumbe ninamupenda sana! Sasa niko nakariri.