Saini Kumi na Mbili kwa Duara

Jumatatu, 4 Machi. Manyunyu tangu alfajiri.
Kiongozi wa chama hafai tena. Uchaguzi tumeshindwa mara mbili, yeye bado anasema tunapanda. Wabunge kumi na wawili wakitia saini, lazima apigiwe kura ya kutokuwa na imani naye. Akianguka, kiti changu. Mimi ni naibu mnadhimu, kazi yangu ni kuhesabu kura kabla hazijapigwa. Nimehesabu: kumi na wanane wamemchoka.

Jumanne, 5. Jua.
Wote wamekubali. Hakuna anayetaka kusaini wa kwanza. Mbunge tunayemwita Mwalimu atasaini wa tano, akishaona wanne juu yake. Mwenzake, Daktari, anataka nafasi ya mwisho tu. Wengine sita wanaitaka hiyohiyo. Karatasi imeshinda kwenye mkahawa wa Bunge, imerudi na doa la chai. Saini hakuna.

Jumatano, 6. Mawingu.
Nimepata dawa! Nimefunika kisahani kwenye karatasi safi, nikachora duara. Duara halina wa kwanza. Kufikia mchana, saini kumi na mbili. Sharti lao moja: maneno ya kumpinga Kiongozi yakae karatasi nyingine. Nimeyaandika mwenyewe, nikasaini, nikabana zote kwa pini. Mwalimu kajitolea kuzipeleka ofisi ya chama. Mtu mwema.

Alhamisi, 7. Sikutazama nje.
Kikao cha chama. Kiongozi kaingia na duara langu ndani ya fremu. Kumbe Mwalimu alitoa pini, akamwambia ni kadi ya wabunge kumtakia maisha marefu. Kiongozi machozi yalimlenga. Wote kumi na wawili wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, ningefanyaje? Ndipo akainua karatasi ya pili, ile yenye saini yangu peke yake.
"Dada yangu, una mwandiko mzuri," akasema taratibu. "Na hii nayo niitie kwenye fremu?"
Unaibu umekwenda. Nimetupwa Kamati ya Maktaba. Miaka kumi na moja ya kuhesabu watu! Baba watoto kaniuliza kwa upole kama sasa nitapumzika. Nimelia jikoni, bomba likiwa wazi wasinisikie.

Ijumaa, 8. Mvua.
Kamati ya Maktaba ina wajumbe watano. Mwenyekiti anasinzia kikaoni. Hafai kabisa. Nimehesabu: tuko watatu dhidi yake. Mwalimu naye yumo, kaniomba radhi na kuniapia kwa wanawe. Nimemwachia orodha ya majina yetu watatu aitunze.
Nakwenda kulala, saa tatu na dakika kumi usiku.