Chembe Niliyoigundua Jumatano

Jumatatu, 3 Machi
Profesa katutangazia mimi na Miwani: Ijumaa kila mmoja aonyeshe kazi yake. Mmoja atabaki kwenye mradi, mwingine ajitafutie pa kwenda. Nimekosa hamu hata ya chai. Miwani, mwenzangu wa dawati la pili, ni mwangalifu mpaka anakera. Huhakiki leo alichokihakiki jana. Mtu kama huyo hashindwi ila kwa ujanja. Ujanja ninao!

Kazi yetu ni kuigiza migongano ya chembe ndani ya kompyuta, kisha kulinganisha maigizo na migongano ya kweli iliyorekodiwa na mtambo wa kugonganisha chembe. Pakiwa na tofauti, huenda ni chembe mpya. Tatizo ni foleni ya kompyuta kuu. Kazi kubwa husubiri, ndogo hupenya. Basi nimeikata yangu vipande mia! Programu inadai kila kipande kipewe namba yake, ambayo kompyuta huanzia nayo kubahatisha migongano. Niandike namba mia? Nimeweka mwaka wangu wa kuzaliwa kote. Mwaka wa heri.

Jumanne, 4 Machi
Vipande vinateleza tu. Kazi ya Miwani imekwama. Kaniuliza kwa upole nimefanyaje, nikaona raha kuulizwa, nikamwaga siri yote ya vipande. Domo langu litaniponza.

Jumatano, 5 Machi
Kilima! Kwenye grafu, nukta za mtambo zimesimama juu ya mstari wa maigizo, peupe kabisa. Chembe mpya! Nikampigia mama, nikamsihi iwe siri. Kabla ya mchana mjomba kanipigia kunipongeza, na shangazi anauliza chembe hiyo inatibu nini.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani kaniuliza nilitumia namba gani za kuanzia. Nikamwambia hayo ni mambo ya ndani. Akaniomba nizitazame upya kabla ya kesho, na akaondoka akisema sikio la kufa halisikii dawa. Wivu huo! Nimepiga shati pasi.

Ijumaa, 7 Machi
Sijui nianzie wapi.

Profesa alikitazama kilima akatabasamu. Kisha akauliza mbona mstari wa maigizo umezama palepale. Akauliza namba. Nikataja mwaka wangu. Vipande vyote? Vyote. Akanieleza polepole, kama mtoto, kwamba namba moja huzaa migongano ileile. Sikuwa na vipande mia, nilikuwa na kimoja kilichonakiliwa. Pengo dogo la bahati likarudiwa kote, likawa shimo, na nukta za kawaida zikaonekana kilima. Fundi wa kompyuta akanong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilitamani ardhi inimeze. Miwani angeweza kucheka. Hakucheka. Alionyesha kazi yake, safi, haina chembe mpya wala kilima, kisha akamwambia Profesa kwamba isingemalizika bila ujanja wangu wa vipande. Yeye alikipa kila kipande namba yake, basi. Akaomba nibaki nimsaidie foleni. Profesa akashusha pumzi, akasema sawa, ila nitakuwa chini ya Miwani. Nilijifungia chooni nikalia. Nilikuwa nimemwita mwenye wivu!

Jumapili, 9 Machi
Nilimpigia mama nikikusudia kumwambia ukweli. Nikasikia nyuma yake sauti za shangazi na majirani wamekuja kupongeza, nikaishiwa nguvu. Nikasema chembe imeoza. Si uongo mtupu, chembe nzito huoza kabla hujapepesa jicho. Akanipa pole sana, akauliza kama kazini hatuna friji.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani kanipa kazi yangu ya kwanza: vipande mia, na kila kimoja kipewe namba yake. Akarudia: kila kimoja. Nimemwelewa, mimi si mjinga. Lakini kuandika namba mia kwa mkono ni kazi ya punda. Nimebuni njia: kila kipande, kikianza tu, kitazame saa ya kompyuta na kuichukua kama namba yake. Saa haisimami, kwa hiyo namba haziwezi kufanana! Fundi kanipa kompyuta kuu yote asubuhi hii, hakuna foleni. Nimebonyeza mara moja, vyote mia vimeanza kwa pamoja, sekunde ileile. Ungeona vilivyopendeza!