Wimbo Wangu, Buti Zangu na Togzhan

Jumatatu, 6 Oktoba

Nina hasira. Naanza na hilo lijulikane.

Leo sokoni, kwa muuza karoti, mwanamke kanishika mkono: "Kamshat, hebu lia kidogo nikuone." Sokoni! Miaka minne nacheza mkaza mwana kwenye tamthilia, namimina chai, nasimangwa na mama mkwe, nalia. Sasa Almaty nzima inadhani machozi yangu ni ya umma. Wengine wananiuliza kama yule mama mkwe ananipa chakula.

Basi, imetosha. Albamu yangu inatoka tarehe 18. Inaitwa Silii Tena. Pop mbadala, nyimbo nimetunga mwenyewe neno kwa neno. Mama kauliza mbadala wa nini.

Rustem, fundi wangu wa studio, anasema nina nyimbo nane za kupumua na mmoja wa kuua. Huo mmoja ni "Chai Imepoa". Niliutunga nimekaa sakafuni, kwenye korido, siku mwongozaji aliponiliza mpaka nikakauka. Ni kitu cha kwanza nilichokisema kwa mdomo wangu bila kuandikiwa na mtu. Nikinyang'anywa huo, nabaki na birika.

Jioni nikawasikilizisha nyumbani. Togzhan alikuwepo. Binti wa shangazi, mwimbaji wa harusini, nywele mpaka kiunoni, meno yote nje. Kasikiliza. Kafuta chozi. Kaomba urudiwe. Sikulipenda lile chozi hata kidogo.

Jumatano, 8 Oktoba

Janga! Bibi, akinywa chai yake, katamka kwa raha zake kwamba maskini Togzhan hajawahi kuomba kitu mjombani kwake. Mara zake tatu zote bado anazo.

Nikauweka mkate chini. Kwa mila yetu, mtoto wa binti wa ukoo ni jiyen wetu, na jiyen akituomba kitu hanyimwi. Mara tatu maishani. Babu alichukuliwa farasi wake bora hivyo hivyo, kasimama pale anatabasamu huku roho inamtoka. Na Jumamosi ukoo mzima unakutana kwenye sherehe ya Bibi ya miaka themanini. Togzhan ataomba wimbo. Namjua. Lile chozi!

Mpango: nimmalizie mara zake tatu kabla ya Jumamosi, kwa vikorokoro. Mimi si mjinga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwalika kwangu. Nimempangia vitu visivyo na maana mbele ya macho: mwavuli, foronya, sahani yenye ufa. Nikawa nasifia kimoja kimoja kwa sauti. Yeye anaitikia tu, kizuri dada, kizuri dada. Omba basi, mwanamke! Mwisho kaziona buti zangu nyeupe mlangoni, kasema laiti angekuwa nazo. Nikamwambia aziombe. Kaona haya. Nikamwambia omba, unaogopa nini, hapa si mjombani kwako? Akaomba. Moja!

Halafu koti langu la ngozi ya kondoo. Mbili! Liliniuma, ila nikatabasamu kama Babu. Kwa ya tatu nikamwonyesha friji. Kauliza dada una nini leo, unahama? Kaondoka amevaa koti langu na buti zangu. Nje theluji ya majimaji inaanguka, na mimi nina kandambili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Friji nimempelekea bila kuombwa. Haiingii kwenye lifti ya kwao.

Jumamosi, 11 Oktoba

Khaa! Khaa!

Ukumbi ulijaa. Nyama imeshaliwa, kichwa cha kondoo kimeshakatwa, masikio wamepewa watoto. Mshereheshaji kamwita Togzhan kwenye kipaza sauti amtakie Bibi heri. Kaja na koti LANGU. Kamtakia Bibi umri mrefu, kawaliza watu, halafu kanigeukia. Ana ombi moja kwa wajomba zake, anasema. Wimbo wa dada Kamshat, ule wa chai, apewe uwe wake, auimbe harusini.

Nikaruka. Nikasema ebo, huyu keshamaliza mbili juzi Alhamisi, na ya tatu ni friji! Watu wakacheka mpaka baba mdogo akapaliwa. Bibi hakucheka. Kasema ombi la jiyen huombwa mbele ya wazee, watu wasikie. Vya chumbani ni zawadi. Kaongeza kwamba amefurahi kuona nina mkono mwepesi wa kutoa.

Zawadi! Buti! Koti!

Baba ananitazama, jasho linamtoka. Ukoo wote umeshika vijiko, unangoja. Nilitaka kumzaba Togzhan kofi moja tu. Lakini jiyen hapigwi, aliyempiga mkono humtetemeka mpaka kufa, na mimi napiga gitaa. Nikasema, "Chukua." Sauti ilitoka ileile ya mkaza mwana. Makofi. Kanikumbatia, ananukia marashi yangu; aliyakuta mfukoni. Na bado ana mara mbili!

Nimelia chooni. Safari hii sikuwa naigiza.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepata dawa yake. Nimempigia simu, sauti asali tupu, nikamwambia samahani mdogo wangu, nilisahau kukupa ubeti wa mwisho. Nikamtumia. Nimeutunga jana kwa hasira zangu zote: mama mkwe, chai imepoa, mimi nimechoka, jimiminie mwenyewe. Auimbe huo kwenye harusi aliyokodiwa Alhamisi, mbele ya mama mkwe aliyejaa dhahabu mpaka vidoleni! Watamtupa nje na kinanda chake. Wimbo ataurudisha mwenyewe, kwa magoti. Leo nimekula vizuri.

Ijumaa, 17 Oktoba

Togzhan kapiga simu anapiga vigelegele. Alipofika kwenye ubeti wangu, mama mkwe kainuka. Kamnyang'anya kipaza sauti. Kasema amemmiminia chai mama mkwe wake ujana wake wote, hakuthubutu kufungua mdomo, na leo ataimba. Akaimba! Wanawake ukumbi mzima wakasimama, wanagonga meza kwa vijiko, wimbo ukarudiwa mpaka wapishi wakatoka jikoni kuja kucheza.

Video iko kwenye kila simu. Mama kanitumia. Shangazi kanitumia. Muuza karoti kaniimbia mwanzo mpaka mwisho, eti ubeti wa mwisho ndio mtamu kuliko yote.

Ubeti wangu! Niliutia sumu kwa mkono wangu mwenyewe!

Jumamosi, 18 Oktoba

Uzinduzi. Klabu ndogo, nguo nyeusi, nyuso za watu wanaofikiri. Nimeimba nane za kupumua. Wakapumua.

Kisha "Chai Imepoa". Nimempa mtu, sawa, lakini umeshaingia kwenye albamu, na nani atanizuia? Nikauimba taratibu, gitaa peke yake, kama ulivyonijia kule sakafuni. Mwenye miwani ya duara kamnong'oneza mwenzake, ukumbi mzima ukasikia, kwamba namwiga Togzhan lakini siwezi. Mwingine kauliza ubeti wa mama mkwe uko wapi. Mwanamke wa nyuma kaomba niuchangamshe kama wa harusini, au nikishindwa basi nilie kidogo.

Nikashuka jukwaani. Gitaa nimeliacha hukohuko.

Rustem kasema nitunge mwingine; aliyeweza mmoja ataweza wa pili. Nikamwambia afunge mdomo. Bibi kapiga simu kunipa habari njema: kwenye kila harusi, kabla hajaanza, Togzhan anatangaza kwamba wimbo huu kautunga dada yake wa mjombani, Kamshat, na yeye kaazimisha mdomo tu. Bibi anataka nimshukuru.

Nimshukuru! Thubutu!

Jumapili, 19 Oktoba

Niko kwenye treni ya kwenda Taraz. Nimeamka na wazo, sijui kwa nini halikunijia mapema. Mama ana kaka huko. Kwa hiyo mimi nami ni jiyen! Kwa ukoo mzima wa kina Mama, na sijawahi kuwaomba hata sindano. Mara tatu zote ninazo.

Mjomba ana binti, Meruert, mwalimu wa muziki shule ya msingi. Mpole, haendi popote. Mama anasema tangu aachwe na mchumba katunga wimbo mmoja tu, na akiuimba nyumba nzima inanyamaza. Eti bila huo wimbo asingeinuka kitandani. Mmoja tu, lakini wa kuua! Utakaa vizuri sana mwanzoni mwa albamu ya pili. Nimemwomba Mama awapigie simu wazee wote wa kule wakusanyike kesho, watu wasikie. Mimi si kama Togzhan. Mimi nafuata mila.

Meruert kanipigia sasa hivi. Kafurahi mpaka anababaika, kaniandalia chumba chake mwenyewe, anauliza ningependa anipikie nini. Nimemwambia asijisumbue, nitaomba nikifika.